Faili mbili zilizopishana mkondoni

Folda inaitwa BEI. Ndani yake mna faili tatu:

Bei za Nyumba.xlsx
Bei za Nyumba-MOKOWE.xlsx
Bei za Nyumba MPYA KABISA.xlsx

Kila moja ina tiki ya kijani. Ofisi yenyewe iko chini ya nyumba ya kale, uchochoro mmoja nyuma ya Mkunguni, uwanja wa mjini Lamu, na kazi yake ni kupangisha nyumba za wageni Amu, yaani Lamu mjini, na Shela. Kompyuta moja iko mapokezi, ya pili iko kwa mhasibu, na laptopu moja huvuka na msimamizi kwenda Mokowe, upande wa bara, kila jioni. Mteja yuko kwenye simu, anataka bei ya Desemba. Karani anafungua faili ya kwanza: shilingi 38,000 kwa usiku. Anafungua ya pili: 45,000.

"Bi, ipi ndiyo?"

"Yenye tiki."

"Zote zina tiki, Bi."

Maneno hayo yamenikaa kichwani wiki kadhaa. Hakuna aliyekosea hapo. Karani kasoma alichokiona, msimamizi kajibu alivyofundishwa, na programu imefanya kazi yake barabara. Bado mteja anangoja kwenye simu, na ofisi nzima haijui bei ya nyumba yake yenyewe.

## Folda isiyo folda

OneDrive, Google Drive, Dropbox, Nextcloud ni huduma za kuweka faili kwenye seva, kompyuta ya mbali, na kuzisawazisha na kila mashine ya ofisi: zote zina programu ya kusakinisha kwenye kompyuta, na zote hucheza mchezo mmoja. Hujifanya folda. Ni mchezo mzuri, maana aliyezoea Windows hahitaji kufundishwa lolote. Anafungua, anaandika, anahifadhi, basi.

Ndio huo pia unaotuponza.

Nyuma ya folda hiyo yuko tarishi, ndiyo programu yenyewe ya kusawazisha. Tarishi huyu ana daftari lake. Kwenye Nextcloud unaweza hata kuliona ukiamuru Windows ionyeshe vilivyofichwa: ni faili ya hifadhidata ambayo jina lake linaanza na .sync_, imekaa humo humo ndani ya folda. Kwa kila waraka ameandika alivyoukuta mara ya mwisho. Kila akipiga mzunguko anajiuliza mambo matatu: daftari linasema nini, hapa kwenye kompyuta pana nini sasa, na kule kwenye seva kuna nini sasa.

Hapa pakibadilika na kule kumetulia, anapeleka. Kule kukibadilika na hapa pametulia, analeta. Kote kusipobadilika, anaweka tiki na kukaa.

Na pakibadilika kote kuwili?

Hapo hana la kufanya. Faili ya Excel kwake ni kifurushi kilichofungwa. Hajui kwamba ndani mna nyumba kumi na mbili na miezi kumi na miwili. Hawezi kuchukua Desemba ya huyu na Januari ya yule akazitia mahali pamoja. Analoweza ni kuacha zote mbili, moja kwa jina lake la asili na nyingine kwa jina la kubandikwa, ndiyo nakala ya mgongano.

Waliochagua neno "mkondoni" kwa mambo ya intaneti sidhani walikuwa wakifikiria mkondo wetu huu wa kati ya Amu na Manda, lakini neno limekaa pale pale. Barua mbili zimepanda mashua mbili, moja inakwenda na moja inakuja, zikapishana katikati ya maji. Kila moja ikafika ikamkuta mwenyewe keshaandika nyingine. Nakala ya mgongano si hitilafu. Ni tarishi aliyekataa kuichana barua ya mtu.

Kwa hiyo tiki ya kijani inasema neno moja tu: kilicho kwenye mashine hii na kilicho kwenye seva vimelingana. Haisemi kwamba wewe na mwenzako mmelingana. Ndiyo maana faili mbili zinazopingana zinaweza kuvaa tiki zote mbili, na tiki zote zikawa za haki.

## Yatambue kwa majina yao

Kila programu ina namna yake ya kubandika jina. Dropbox hutia jina la mtu au la kompyuta, maneno "conflicted copy", na tarehe. Nextcloud hutia maneno hayo hayo pamoja na tarehe na saa. OneDrive haisemi kitu. Inaweka kistari na jina la kompyuta, kama tulivyoona: -MOKOWE.

Faida yake ni kwamba zinatafutika. Ijumaa asubuhi, kabla ya watu kuanza kuangalia saa ya kwenda msikitini, fungua folda kuu ya ofisi, andika conflicted copy kwenye kisanduku cha kutafutia, ungoje. Kwa OneDrive, tafuta jina la kila kompyuta, moja baada ya moja.

Lakini hapo ndipo wengi wanapokwama, maana kompyuta zao zinaitwa DESKTOP na mkia wa herufi na tarakimu zisizo na kichwa wala miguu. Nakala ikija na mkia huo, nani atajua imetoka kwa nani? Zibadilishe majina leo. Ingia Settings, halafu System, halafu About, bonyeza "Rename this PC", andika MAPOKEZI au UHASIBU au MOKOWE, kisha uwashe upya. Ni dakika tano kwa kila mashine, na siku ya mgongano utajua mlango wa kugonga.

## Kifuniko cha saa kumi

Kilichonishughulisha hasa si mgongano wenyewe, ni unakozaliwa. Watu hudhani unatokea pale wawili wanapoandika kwa dakika ile ile. Katika ofisi ya watu watatu hilo ni nadra. Unatokea saa kumi jioni.

Angalia. Saa tisa na nusu msimamizi anabadilisha bei kwenye laptopu. Dakika hiyo hiyo kuna picha mpya za nyumba ya Shela zinapanda: picha 60, kila moja MB 8, jumla MB 480. Laini ya ofisi inapakia kwa megabiti 2 kwa sekunde. Fanya hesabu: MB 480 mara 8 ni megabiti 3,840, gawa kwa 2, unapata sekunde 1,920. Dakika thelathini na mbili, na hapo ni kama hakuna mtu mwingine anayeigusa laini. Faili ya bei ni KB 40 tu, ila huenda imekaa nyuma ya foleni. Boti ya Mokowe haingoji foleni. Kifuniko kinafungwa, laptopu inalala, faili imebaki mle ndani.

Asubuhi karani wa mapokezi anafungua faili ya jana, kwa sababu kwake hiyo ndiyo iliyopo, anabadilisha safu mbili, anahifadhi. Yake inapanda mara moja. Saa tatu laptopu inafika, inaamka, inataka kupeleka ya jana. Inakuta kule kumeshabadilika.

Yaani baina ya maandishi hayo mawili pamepita karibu saa kumi na saba. Bado yamepishana.

Dawa ni ya mkono na jicho. Kabla ya kufunga kifuniko, tazama aikoni ya wingu pale kona ya chini kulia. Ikiwa mishale inazunguka, bado. Ukiibonyeza utaona kilichobaki. Kama ni picha tu, funga uende zako. Kama kuna waraka wa kazi, ngoja. Tena picha nzito zisipakiwe baada ya saa nane mchana, ziachiwe asubuhi ya mapema au wakati ofisi imefungwa na kompyuta ya mezani imebaki inawaka.

Jambo la pili ni kumpunguzia tarishi mwendo. Kila programu kati ya hizi ina mahali pa kuweka kikomo cha kupakia. Hapa watu hujikata wenyewe: kampuni ya intaneti inauza kwa megabiti, programu inauliza kwa kilobaiti. Megabiti 2 ni kilobaiti 250. Ukiandika 2000 ukidhani umebana, hujabana kitu. Weka kati ya 175 na 200, yaani asilimia 70 hadi 80 ya uwezo wa laini. Kwa nini usiiache ijaze yote? Kwa sababu hata kupakua kunahitaji kutuma vijibu vidogo vidogo kuthibitisha kwamba kilicholetwa kimepokewa. Njia ya kupanda ikiziba, vijibu vinachelewa, na kushuka nako kunadorora. Ndipo utasikia "intaneti imekufa" na kumbe ni picha za bwawa la kuogelea.

Wanaotumia simu kama rauta wana shida yao peke yao. Picha zile zile MB 480 zikipanda kutoka mashine moja na kushuka kwenye mbili, umekula karibu GB moja na nusu ya bando kabla ya saa nne asubuhi. Fungua mipangilio ya Wi-Fi hiyo, washa "Metered connection". OneDrive ikiona hivyo husimama yenyewe mpaka uiruhusu.

## Vilivyopo na visivyopo

Rangi nazo zina lugha yake. Kwenye OneDrive, kiwingu cha buluu maana yake jina liko hapa, faili yenyewe iko kwenye seva. Tiki ya kijani ndani ya duara jeupe maana yake imeshashuka kwa sababu uliwahi kuifungua, na mfumo unaweza kuipandisha tena nafasi ikibana. Duara lililojaa kijani lenye tiki nyeupe ndiyo iliyowekwa ibaki. Umebonyeza kitufe cha kulia ukachagua "Always keep on this device".

Tofauti hizi ukiwa ofisini hazina uzito. Ukiwa kwenye gati la Manda na mgeni ametua, unataka mkataba wake, na simu haishiki mtandao, utazijua.

Kwa hiyo gawanya. Mikataba, orodha za bei, vibali, nambari za mafundi wa maji na stima: hizo ziwe za kubaki. Picha na video: ziwe za kiwingu. Usiweke folda nzima ibaki kwenye laptopu yenye diski ya GB 128; itajaa, na tarishi akikosa nafasi huacha kuleta. Hasemi kwa sauti. Anaweka alama ndogo nyekundu pembeni ambayo hakuna anayeitazama.

Google Drive inataka tahadhari ya peke yake. Ikiwa katika hali ya kutiririsha, inaonekana kama diski ya G:, na nyaraka za Google zinaonekana humo kwa kiishio cha .gdoc au .gsheet. Faili hizo hazina maandishi ndani. Ni anwani tu. Ukiinakili .gsheet kwenye flashi ukaipandisha boti ya Faza, umebeba bahasha tupu yenye jina la mtaa. Unayetaka kusafiri na waraka, ufungue kwenye kivinjari, upakue kama Excel au PDF, hiyo ndiyo uitie kwenye flashi.

## Jina likiwa na kasoro

Nitapita haraka hapa, ingawa nusu ya malalamiko ya "haisawazishi" yanatokana na majina.

Windows haikubali alama hizi kwenye jina la faili: mkwaju wa mbele na wa nyuma, nukta mbili, nyota, alama ya kuuliza, alama za kunukuu, mabano ya pembe, na mstari wa wima. Aliye na Mac akiandika "Risiti 14/03" au "Bei mpya?", kwake inakubali. Kwa wenzake wa Windows haishuki. Jina likiishia na nafasi tupu au nukta, vile vile. Andika tarehe kwa vistari, mwaka mbele: 2025-03-14. Zitajipanga zenyewe.

Urefu nao. Kwa programu nyingi za Windows njia nzima, kuanzia C: hadi kiishio, isizidi herufi 260. Folda ya "Nyumba za Kupangisha za Wageni Shela na Lamu Mjini" iliyo ndani ya nyingine ya aina hiyo, iliyo ndani ya nyingine tena, inafika huko upesi kuliko unavyodhani. "Shela" inatosha.

Na moja inayotuhusu sisi wa Kiswahili hasa. Neno kama ng'ambo lina kialama cha juu, yaani ritifaa. Kuna kialama kilichonyooka na kuna kilichopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Ukiandika jina kwa kibodi kwenye folda unapata kilichonyooka. Ukinakili kichwa kutoka ndani ya Word, ambako programu imekipinda yenyewe ukiandika, unapata kilichopinda. Matokeo ni faili mbili za "Wageni wa ng'ambo" zinazofanana kama pacha, wala si nakala za mgongano, wala kutafuta hakuzioni kwa pamoja. Ofisi yenye busara huacha ng' nje ya majina ya faili. Inasikitisha kidogo, lakini ni afadhali.

## Stima ikikatika

Watu huogopa kwamba stima ikikatika katikati ya kupakia, faili itafika nusu. Kwa kawaida haifiki nusu. Faili kubwa hupelekwa vipande vipande na seva haibadilishi ile ya zamani mpaka vipande vyote vitimie. Kinachopotea ni ulichokuwa hujahifadhi: Excel na Word, kwa mpangilio wa kiwandani, huweka akiba ya dharura kila dakika 10. Ingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi, fanya 2.

Kilicho kibaya zaidi ni kijibetri cha bapa kwenye ubao mama, kile cha CR2032 kama sarafu. Kikifa, kompyuta ya mezani ikikatikiwa stima husahau tarehe. Inawaka ikidhani ni miaka kumi iliyopita. Vyeti vya usalama vya seva vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo mashine inaviona vyote havijaanza, na inakataa kuunganishwa. Tarishi anasema tu kwamba hawezi kuingia. Watu wanabadilisha nywila mara tatu, wanaita fundi, wanalaumu kampuni ya intaneti. Tazama saa kwanza. Ikiwa tarehe ni ya ajabu, irekebishe kwa mkono, kila kitu kitaamka, kisha ukanunue betri.

## Basi tuhamie kivinjarini?

Kwa muda nilidhani jibu ni hilo. Ondoa programu za kompyuta zote, kila mtu afungue waraka kwenye kivinjari, wote waandike mahali pamoja wakionana vidole. Hakuna nakala, hakuna mgongano, hakuna tarishi.

Halafu nikakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Siku kama hizo aliye na faili kwenye diski anaendelea kusoma mkataba wake. Wa kivinjarini anatazama duara linazunguka. Wala huhitaji waya kukatika baharini. Rauta moja iliyoingia maji ya mvua ya masika inatosha.

Nikarudi upande wa pili: basi kila kitu kikae kwenye diski. Lakini kukaa kwenye diski ndiko kunakozaa mgongano.

Nilizunguka hivyo hadi nikaona swali limekaa upande. Nilikuwa nikiuliza waraka ukae wapi, na cha kuulizwa ni nani ana kalamu. Mkataba una mwandishi mmoja na wasomaji watatu. Huo mwache kwenye folda, tarishi ausambaze, hautapishana na kitu. Orodha ya bei ina waandishi watatu. Hiyo haifai kabisa kubebwa kama kifurushi.

Kwa Excel, kuandika pamoja kunawezekana hata ukiifungua kutoka kwenye folda ya OneDrive, lakini masharti ni manne na yote lazima yatimie. Faili iwe .xlsx, si .xls ya zamani. Isiwe na nywila ya kuifungua. Kila mashine iwe na Excel ya Microsoft 365, au nyingine yenye AutoSave, iliyoingia kwa akaunti ya kazi. Na swichi ya AutoSave, juu kushoto, iwe imewaka. Excel ya zamani ya kununuliwa mara moja, kama ile ya 2016, haina AutoSave. WPS nayo, programu ya ofisi ambayo iko kwenye laptopu nyingi za bei nafuu, huichukua faili kama ilivyo kwenye diski na kuirudisha nzima. Mashine moja ya namna hiyo kati ya tatu inatosha kuturudisha kwenye kupishana.

Kwa ofisi isiyoweza kulipia tatu, Google Sheets kwa orodha hiyo moja, huku nyingine zote zikibaki zilipo. Si lazima nyumba nzima ihamie.

Mtu ataniuliza: je, Word haiweki kufuli mtu akifungua waraka? Huweka, faili ndogo iliyofichwa inayoanza na ~$. LibreOffice huweka yake inayoanza na .~lock. Lakini kufuli hizo zilitungwa kwa ajili ya diski moja inayoonwa na wote. Tarishi wa Nextcloud, kwa mfano, ana orodha ya vitu asivyobeba, na kufuli hizo zimo. Wewe umefunga mlango kwako. Kwa mwenzako mlango uko wazi.

Kuna faili ambazo hazifai kuwamo humu hata zikiwa na mwandishi mmoja: faili ya kampuni ya QuickBooks, hifadhidata ya Access, na .pst ya Outlook. Hizo hushikwa wazi siku nzima na kuandikwa kidogo kidogo, na tarishi akiichukua katikati ya sentensi anaweza kupeleka kitu kisichofunguka. Ziache nje ya folda. Mwisho wa siku, programu ya hesabu itoe nakala ya akiba, na nakala hiyo ndiyo iingie.

## Kufuta

Hili fupi, ila lina machozi. Laptopu imejaa, mtu anafuta folda ya picha "kwenye laptopu yangu tu". Hakuna "yangu tu". Tarishi anapeleka na habari za kufutwa pia. Ukitaka nafasi, bonyeza kitufe cha kulia uchague "Free up space". Faili inageuka kiwingu, haiondoki kwa wenzako.

Ikishafutwa, una muda. Pipa la OneDrive la kazini hushika siku 93. La Google Drive siku 30. La Nextcloud, lisipobadilishwa na msimamizi wa seva, siku 30, na nafasi ikibana linaweza kutapika mapema. Baada ya hapo utegemee diski ya nje iliyochomekwa mara moja kwa wiki na kuchomolewa, kwa sababu iliyobaki imechomekwa nayo ni ya tarishi.

## Kupatanisha

Turudi nyuma ya Mkunguni, simu ikiwa imewekwa kando na mteja ameahidiwa jibu baada ya nusu saa.

Sitisha kusawazisha kwa saa mbili kwenye mashine zote. Fungua faili mbili kwa pamoja. Kwa nyaraka za Word kuna "Compare" chini ya Review, inafanya kazi yote. Excel ya kawaida haina kitu kama hicho, basi fungua kitabu kipya kitupu, na kwenye kisanduku A1 andika:

='[Bei za Nyumba.xlsx]Sheet1'!A1='[Bei za Nyumba-MOKOWE.xlsx]Sheet1'!A1

Buruta kulia hadi mwisho wa miezi, halafu chini hadi nyumba ya mwisho. Ukichagua visanduku kwa kubofya badala ya kuandika, Excel itatia alama za dola. Zifute kwanza, la sivyo kila kisanduku kitalinganisha kile kile cha kwanza. Palipo sawa patasoma TRUE, palipotofautiana FALSE.

FALSE zilikuwa tatu. Mbili za mapokezi: nyumba mbili za Amu alizorekebisha karani asubuhi, na alikuwa sahihi. Moja ya Desemba, Shela. Msimamizi alikuwa ameipandisha hadi 45,000 saa tisa na nusu, kabla ya boti. Mapokezi walikuwa bado na 38,000.

Masahihisho yaliandikwa kwenye faili yenye jina la asili, kwa sababu viungo vyote vilivyokwisha kutumwa kwa watu vinaelekea hiyo. Yenye mkia wa MOKOWE haikufutwa; ilihamishiwa folda ya ZILIZOPATANISHWA ikae mwezi mmoja. Kusawazisha kukawashwa mashine baada ya mashine, ya msimamizi mwisho.

Mteja alipigiwa. Akasema yeye barua pepe ya 38,000 anayo tangu asubuhi.

"Mpe hiyo hiyo," akasema msimamizi. "Keshaandikiwa."

Ndipo karani akakumbuka kuifungua ile ya tatu, MPYA KABISA. Ilikuwa ya mwaka juzi.